Risasi Nne za Askari wa Wanyama

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Maana ya kwanza ni yale madini mazito na laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi huyafunga katika nyavu zao ili zizame. Maana ya pili ni kile kitu kirukacho kutoka katika mtutu wa bunduki. Wazee waliotumia neno moja kwa vitu viwili hawakukosea, maana katika siku zao kila risasi ya bunduki ilikuwa donge la madini hayo, lililoyeyushwa juu ya moto na kumiminwa katika kalibu. Lakini tangu siku hizo maana hizo mbili zimeachana. Ziko risasi zilizovikwa koti la shaba, ziko zilizovikwa chuma, na ziko zisizo na hata chembe ya madini yale yaliyozipa jina. Kwa nje zaweza kufanana kama mapacha, na ndani ya mwili wa mnyama zikafanya kazi mbalimbali kabisa.

Watu wengi hawaijui tofauti hiyo. Mkulima akiona nyati ameingia katika mahindi yake, husema, "Leteni bunduki kubwa." Hudhani ya kuwa bunduki ndiyo inayoua, na ya kuwa iliyo kubwa huua kuliko iliyo ndogo, kama vile shoka zito lipasuavyo gogo kuliko shoka jepesi. Mawazo hayo yana ukweli kidogo ndani yake, na kwa sababu hiyo ni ya hatari. Mzee mmoja wa upande wa Mwatate, katika nchi ya Taita, aliujua ukweli uliobaki, naye hakuufundishwa bure.

Mzee huyo alikuwa askari wa wanyama kwa miaka mingi, baada ya Vita Kuu ya Pili. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza tembo na nyati waliotoka katika mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka wa 1948, wakaingia katika mashamba ya watu. Ilipokuwa hapana budi, aliwapiga risasi. Alipostaafu alirudi nyumbani na vitu vichache: koti la kazi lililochakaa, kisu, na kopo la tumbako lisilo na tumbako. Ndani ya kopo hilo mlikuwa na risasi nne, ambazo yeye mwenyewe alizitoa kwa kisu katika mizoga ya wanyama. Hakuzionyesha ovyo. Siku moja alimwita mpwa wake, mwalimu wa shule, akamkalisha juu ya kigoda, akazipanga risasi zile chini ya mwembe, moja baada ya moja.

"Wewe wafundisha watoto kusoma vitabu," alimwambia. "Leo usome hivi."

Risasi ya kwanza ilitoka katika kifua cha kongoni, aliyepigwa na mgeni mmoja mwenye leseni. Ilikuwa na umbo la uyoga. Upande wa nyuma ulikuwa mzima, umevikwa koti la shaba, lakini upande wa mbele ulikuwa umefunguka na kukunjika nyuma, hata upana wake ukawa karibu maradufu ya ule wa kwanza. Kongoni yule alikwenda hatua chache, akaanguka.

Ili kufahamu kwa nini risasi ile ilikuwa na umbo hilo, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Katika siku za magobori na baruti nyeusi, risasi zilikwenda polepole, wala hapakuwa na njia ya kuongeza nguvu ila kuzidisha uzito. Wawindaji wa tembo wa karne ya 19 walitumia bunduki ambazo risasi zake nne tu zilifanya ratili nzima, maana yake kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 113 hivi. Bunduki hizo zilimpiga tembo kwa mbele, na kwa nyuma zikampiga mwenye kuzishika begani, kiasi cha kumtia maumivu kwa siku nyingi.

Ndipo mwaka wa 1884 Mfaransa mmoja jina lake Paul Vieille akavumbua baruti isiyotoa moshi. Nguvu yake ilikuwa kubwa mno kuliko ile ya zamani, na risasi zikaanza kwenda zaidi ya meta 600 kwa sekunde moja. Lakini madini ya risasi ni laini. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyozunguka kama nyuzi za parafujo, ambayo kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende sawasawa kama pia. Kwa mwendo ule mpya madini laini yalichunwa na mifereji hiyo na kuganda ndani ya mtutu. Dawa ya ugonjwa huo ilikwisha kupatikana huko Uswisi mwaka wa 1882, wakati ofisa mmoja, Eduard Rubin, alipoivika risasi koti la shaba.

Koti lile liliondoa shida moja na kuleta nyingine. Risasi iliyovikwa shaba toka ncha mpaka karibu na mwisho wake haifunguki. Hupita katika mwili kama sindano katika nguo, ikatoka upande wa pili, na kuacha tundu dogo. Waingereza waliopigana katika mipaka ya Bara Hindi mwaka wa 1895 walinung'unika kwamba adui aliyepigwa risasi hizo aliendelea kuja mbele. Basi katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, zikatengenezwa risasi ambazo koti lake liliachwa wazi kwenye ncha, ili madini laini yatokeze. Zikigonga mwili, ncha ile hupondeka na kutanuka. Jina la mji ule likashika risasi za namna hiyo duniani kote, na majeraha yake yalikuwa ya kutisha hata mataifa yaliyokutana The Hague mwaka wa 1899 yakatoa tamko la kuzikataza katika vita.

Hapo yule mwalimu alimkatiza mzee wake kwa adabu. "Mjomba," alisema, "kama risasi hii imekatazwa vitani kwa sababu ya ukatili, yawezekanaje kuruhusiwa katika kuwinda?"

Mzee alijibu, "Mpwa wangu, mtu akijeruhiwa vitani, wenzake humchukua kwa machela wakampeleka hospitali. Kongoni hana hospitali."

Jibu hilo linafaa kufikiriwa sana. Askari wa vita hutaka kumwondoa adui katika mapigano, na akishaondoka, si lazima afe. Mwindaji hana ruhusa ya kumwondoa mnyama tu. Akimpiga, hana budi kumwua, tena upesi, maana mnyama aliyejeruhiwa hubaki msituni na kidonda chake, hana wa kumfunga wala wa kumtilia dawa. Kwa hiyo kitu kile kile ambacho ni ukatili kwa upande mmoja huwa ni huruma kwa upande wa pili. Hata sheria zimekubali hivyo. Katika Uingereza, sheria ya mwaka wa 1991 ihusuyo paa na jamaa zao inakataza kuwapiga kwa risasi isiyo na ncha laini au ncha yenye tundu.

Risasi ya pili haikuwa risasi tena. Ilikuwa vipande: magamba matatu ya shaba yaliyopasuka na chembe za madini ya kijivu, vyote vikiwa vimefungwa katika kitambaa. Ilitoka katika bega la pofu. Aliyempiga alikuwa na bunduki mpya yenye risasi nyepesi na mwendo mkali sana, naye alijisifu kwamba hakuna inayoipita kwa kasi. Alimpiga pofu kwa karibu. Risasi ilipokutana na mfupa wa bega ilivunjika kama yai, ikafanya kidonda kipana lakini kifupi, ambacho hakikufika kwenye mapafu. Pofu alikimbia kwa miguu mitatu. Askari alimfuata tangu asubuhi hadi alasiri ndipo akamkuta na kummaliza.

Ncha laini ni nzuri, lakini ina kiasi chake. Risasi ikienda polepole mno, haifunguki, na ikienda kwa kasi mno, hufunguka kabla ya wakati na kuvunjika. Mwendo hupungua kila risasi inapozidi kwenda mbali. Kwa hiyo risasi moja yaweza kuvunjika katika hatua 40, ikafunguka vizuri katika hatua 150, na katika hatua 400 ikapita bila kufunguka. Mwindaji anayesema kwamba risasi yake ni nzuri hana budi kuongeza maneno mawili: nzuri kwa mnyama gani, na kwa umbali gani.

Shida hiyo haikuwapata watu wa Afrika peke yao. Mwaka wa 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa akiwinda katika British Columbia, huko Kanada, akampiga mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu ambaye Waamerika humwita moose. Mnyama huyo alikuwa amejigaragaza katika matope, na matope yale yalikuwa yamekauka juu ya ngozi yake nene. Risasi za Nosler zilipasuka juu ya bega lake wala hazikuingia ndani. Aliporudi kwake alitengeneza risasi ya namna mpya. Aliligawa koti la shaba kwa ukuta katikati, likawa na vyumba viwili. Madini ya chumba cha mbele hufunguka na kutanuka, na yale ya chumba cha nyuma hulindwa na ukuta ule, nayo huisukuma risasi ndani. Mwaka wa 1948 alianza kuziuza, na mpaka leo risasi za namna hiyo zinatengenezwa.

Vile vipande vya kitambaani vina neno jingine, ambalo katika siku za mzee yule watu wachache walilijali. Madini ya risasi ni sumu, na sumu hiyo ni mbaya zaidi kwa watoto wadogo. Risasi laini inapovunjika, chembe zake hutawanyika katika nyama mbali na tundu lenyewe, na nyingine ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Anayekula nyama ile huzila. Ndege wanaokula matumbo yaliyoachwa porini huzila vilevile. Katika jimbo la California, Marekani, ambako tai mkubwa aitwaye condor alikaribia kutoweka, sumu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyake, na tangu tarehe 1 Julai 2019 ni marufuku kutumia risasi zenye madini hayo katika kuwinda wanyama wote wa mwituni. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya uimara wake, wawindaji wengi wamegeukia risasi za shaba tupu. Hizo zina tundu kwenye ncha, hufunguka kama ua lenye petali, wala hazivunjiki kwa urahisi.

Risasi ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo, na ilivikwa koti gumu kabisa. Mtu asiyejua angedhani kwamba haijapigwa bado, ila kwa mistari ya mifereji ya mtutu iliyochorwa ubavuni mwake. Ilikuwa ya bunduki ya kipimo cha .404, ambayo idara nyingi za wanyama katika Afrika Mashariki ziliipenda, na uzito wake ulikuwa yapata gramu 26. Mzee aliitoa katika kichwa cha tembo dume aliyevunja maghala ya mahindi katika kijiji kimoja.

"Hii haikufunguka," mpwa alisema.

"Kama ingefunguka, mimi nisingekuwa hapa," mzee akajibu.

Fuvu la tembo ni kubwa, lakini ubongo uko ndani sana kwa nyuma, chini kuliko watu wengi wanavyodhani. Mbele yake pana mfupa mnene wenye vyumba vingi vidogo kama sega la nyuki. Risasi ya ncha laini hutanuka katika mfupa huo, na kadiri inavyotanuka ndivyo inavyozuiwa, hata ikasimama kabla ya kufika. Kwa mnyama wa namna hiyo kinachotakiwa si tundu pana bali safari ndefu iliyonyoka. Ndiyo maana kwa tembo na faru hutumika risasi ngumu, zenye kichwa cha mviringo au kilicho bapa, kwa sababu kichwa cha namna hiyo huishika njia yake hata ndani ya nyama na mifupa.

Mtu aliyeonyesha jambo hilo kuliko wengine wote alikuwa Mskoti, W. D. M. Bell, aliyeishi tangu 1880 hadi 1954. Alijulikana kwa jina la Karamojo, kwa sababu ya safari zake katika nchi ya Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Hesabu ya tembo aliowaua ilizidi elfu moja, jambo ambalo leo hakuna mtu angelisifu. Lakini ajabu yake ni kwamba wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimeta 7, ambayo risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo ulipo, na akajifunza kuulenga toka kila upande. Risasi yake ilikuwa nyembamba, ndefu, ya kichwa cha mviringo, imevikwa koti gumu, nayo ilikwenda moja kwa moja mpaka mahali alipoituma. Ukubwa wa bunduki haukuwa siri yake. Siri yake ilikuwa kujua mahali, na kuwa na risasi isiyopotea njiani. Wengine waliochukua bunduki ndogo bila kuchukua pia ujuzi wake walijitia katika hatari, na tembo waliowajeruhi ndio waliopata taabu. Ndiyo sababu nchi nyingi za Afrika zimeweka kipimo cha chini cha bunduki kwa wanyama wakali.

Hata hivyo risasi ngumu nayo ina ila yake. Kwa swala au kongoni hupita na kuacha tundu jembamba, na mnyama huenda mbali kabla ya kufa. Katika kundi la nyati yaweza kupita katika mmoja na kumjeruhi mwingine aliyesimama nyuma yake, wala mpigaji asijue. Kwa hiyo wawindaji wengi wa nyati hutanguliza risasi ya ncha laini iliyo imara, na ngumu huziweka nyuma yake, zimngojee nyati akikimbia au akija.

Mzee alinyamaza kidogo kabla ya kuichukua ile ya nne. Hiyo ilitoka katika mwili wa nyati, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga.

Ilikuwa mwaka wa mvua nyingi, na mahindi yalikuwa yamestawi. Nyati dume mmoja mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, alikuwa akishuka kila jioni toka kwenye kichaka cha bonde na kuingia mashambani. Askari alikuwa na bunduki mbili. Ile kubwa ya .404 ilikuwa imekwisha risasi, na kasha jipya lilikuwa bado halijafika. Ya pili ilikuwa .303 ya kivita, pamoja na risasi zake za kivita, ambayo alipewa kwa ulinzi na kwa kupiga hewani. Kwa usiku tatu nyati alikula mahindi, na asubuhi ya nne wakulima walimjia. Mmoja akamwuliza mbele ya watu, "Bwana askari, je, mshahara wako ni wa kulinda mahindi au wa kulinda nyati?" Wote wakacheka.

Maneno hayo yalimwuma. Jioni ile alikwenda na ile .303. Nyati alitokea jua likiwa linazama, mbali kidogo, amesimama upande upande. Askari alilenga bega, akapiga, akasikia mshindo wa risasi ikigonga mwili. Nyati aliruka, akaingia kichakani. Kwa taa ya mkono alikuta matone machache ya damu juu ya majani. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi hapakuwa na damu wala nyayo. Akajiambia kwamba risasi imemkwaruza tu na nyati amekwenda zake. Hakupeleka habari kwa Bwana Nyama, wala hakuwaonya watu wa vijijini, kwa maana aliona haya. Usiku ule na usiku wa pili nyati hakuonekana katika mahindi, na wakulima wakamshukuru.

Siku ya tatu mtu mzima mmoja wa kijiji cha jirani alishuka bondeni kukata fito za kujengea nyumba ya mwanawe aliyekuwa akitaka kuoa. Hakurudi. Jioni walimkuta, na nyasi pande zote zilikuwa zimekanyagwa.

Kasha la risasi lilifika kesho yake. Askari pamoja na wenzake wawili walimfuata nyati katika kichaka kile, akawajia kwa karibu mno, akaanguka hatua kumi mbele yao kwa risasi mbili za .404. Kisha askari alimpasua mwenyewe, hakukubali mtu mwingine ashike kisu. Aliikuta risasi yake mahali ambapo hakuituma. Ilikuwa imegonga bega, ikapinduka, ikaacha njia ya moyo, ikashuka nje ya mbavu chini ya ngozi, na kukaa karibu na tumbo, imepinda kama ndoana. Kidonda kilikuwa kimeoza. Kwa siku tatu nyati alikuwa amelala na maumivu yale kando ya njia ya watu.

Risasi ile haikuharibika, wala haikutengenezwa vibaya. Ilifanya sawasawa kazi iliyokusudiwa. Risasi ya kivita ya .303 iliyoanza kutumika mwaka wa 1910 ilikuwa na ncha kali ili ikate upepo na kufika mbali. Ndani ya ncha hiyo, chini ya koti, hapakutiwa madini mazito bali kitu chepesi, kama vile alumini au mti uliosagwa. Kwa hiyo uzito wote uliegemea nyuma. Hewani mzunguko huisimamisha imara, kama pia ichezavyo juu ya sakafu. Lakini mwili ni mzito mara nyingi kuliko hewa, na mzunguko ule hautoshi tena. Nyuma iliyo nzito hutaka kuipita mbele iliyo nyepesi, na risasi hupinduka na kuacha njia yake. Kwa kumwangusha mtu, waliona inatosha. Kwa kulifikia jambo lililofichwa nyuma ya bega la nyati, haikufaa hata kidogo.

Hapo ndipo msomaji aweza kuiona maana ya habari hii yote. Risasi ya Bell yenye uzito wa gramu 11 iliwaua tembo. Risasi ya askari huyu nayo ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kidogo, tena mwendo wake ulikuwa mkali zaidi kuliko ile ya Bell, na ilishindwa na nyati mmoja. Uzito ulikuwa karibu sawa, na baruti nazo hazikupishana sana. Tofauti ilikuwa katika umbo la kichwa, unene wa koti, mahali uzito ulipowekwa, na ujuzi wa mtu aliyeshika bunduki. Mambo hayo yote huamuliwa kabla ya kidole kugusa kifyatulio. Baada ya hapo hakuna la kuongeza.

Askari alikwenda kwa Bwana Nyama akamweleza yote, hata yale ambayo hakuna aliyeyajua. Kisha akaenda kwa wafiwa, akasema mbele ya wazee kwamba nyati yule alikuwa na risasi yake. Alitoa mbuzi kama wazee walivyoamua, na nyumba ya yule kijana aliimaliza kwa fito alizozikata yeye mwenyewe. Mjane hakumtukana. Alimwuliza neno moja tu: "Kwa nini hukutuambia?" Miaka mingi baadaye, chini ya mwembe, mzee alimwambia mpwa wake kwamba kwa kosa la risasi angeweza kujitetea, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Kwa swali la mjane yule hakupata utetezi.

Mwaka wa 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na katika Kenya biashara ya leseni na wageni wenye bunduki ilikwisha. Katika Tanzania uwindaji wa leseni ungaliko. Lakini hata Kenya haikuwezekana kuziweka risasi zote kabatini. Nyati na tembo wangali wakishuka mashambani, watu wangali wakiuawa, na askari wa wanyama wangali wakiitwa na wakulima wenye hasira. Haja ya kujua risasi ipi imfae mnyama yupi haijaondoka. Wala haja ya kusema haijaondoka. Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na risasi isiyofaa ni fimbo ya mbali hata ikipigwa kwa karibu. Lakini ikiwa imekwisha kupigwa na mnyama amekwenda na kidonda, basi kila mlango wa jirani ugongwe usiku ule ule, hata kama watu watacheka. Mkulima naye asione haya kuuliza, maana kesho yake mwanawe ndiye atakayepita bondeni na mbuzi.

Mzee yule amekwisha kufariki, na kopo la tumbako likarithiwa na mpwa wake, ambaye sasa ni mzee wa kustaafu. Vijana wakimtembelea huwaonyesha uyoga wa shaba, na vipande vya kitambaani, na ile kubwa isiyobadilika. Ya nne haitoi katika kopo mpaka awe amewaeleza kwanza habari za yule mtu aliyekwenda kukata fito.